Karakana ya Kina Sebagabo

Huko Uvira, mashariki mwa Kongo, ukitaja jina la Sebagabo, watu walijua unazungumzia karakana. Mzee huyo alijifunza kukereza vyuma kwenye kiwanda cha sukari, akanunua mashine yake mwenyewe ya kuzungusha chuma na kukichonga, na tangu hapo shafti za boti, gia na bushi, zile pete za chuma za ndani ya pampu, zikawa kazi ya ukoo. Mwanawe alirithi, kisha mjukuu, Adolphe. Katika nyumba ile mtoto alijua kusoma kipimo cha vyuma kabla ya kujua kusoma kitabu. Chuma kikizidi kwa unene wa unywele, babu alikitupa nje mbele ya mteja.

Vita vya mwaka 1998 viliikuta karakana ikinguruma. Askari walizing'oa mashine, wakazipakia kwenye lori. Baba yake Adolphe akasimama mbele ya lori hilo kulizuia, wakampiga risasi. Adolphe alimzika, akamchukua mkewe Kantengwa na binti yao Yudita, wakakimbia. Walitangatanga kambi hadi kambi, mwishowe wakafika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wakapewa kiwanja cha kulima.

Kilimo hakikumkubali. Akaenda mjini Mbarara kutafuta kazi, na upande wa Kakiika akasikia mlio anaoufahamu. Ilikuwa karakana ya Kamaldin, aliyetengeneza pampu za viwanda vya maziwa.

"Wewe natoka kambi, unajua hii mashini?" Kamaldin aliuliza.

"Nilizaliwa fasi ya mashini, mzee."

Akapewa shafti iliyovunjika achonge nyingine. Alipoileta, Kamaldin aliizungusha mkononi, akaguna, akamwonyesha msumari ambapo angetundika koti lake kila asubuhi.

Miaka ikapita. Yudita alipokua akaingia kazini na baba yake, na mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa baba. Kamaldin alipopata mashine mpya, akawaachia ile ya zamani. "Chukueni. Hapa itaoza bure."

Mashine ya namna ile haisimami juu ya udongo mtupu; ikitikisika kidogo tu, kipimo kinapotea. Basi Adolphe akachimba msingi kwenye kiwanja chake cha Nakivale, akamwaga zege, akaifunga mashine kwa bolti na kuiunganisha na jenereta. Akajenga kibanda juu yake, akaandika jina la babu yake juu ya mlango. Wenye vinu vya mahindi wakaanza kuja kuchongesha bushi, yeye na Yudita wakipokezana. Kwa mara ya kwanza tangu Uvira, Kantengwa alimsikia mumewe akiimba.

Mwaka 2012 wakimbizi wapya walimiminika kutoka Kongo, ardhi ikagawanywa upya. Wapimaji wakaja wakasema barabara itapita pale.

"Mashini hii haihame," Adolphe akawaambia. "Iko mu zege. Mukiitosha humo, imekufa."

"Mzee, kila mtu hapa nahama," mpimaji mmoja akajibu, wala si kwa ukali. "Hii udongo si yako."

Hilo alilijua siku zote. Ila hakuwahi kuambiwa usoni.

Zege likavunjwa kwa nyundo. Mashine ilipoinuliwa, kamba ikakatika, ikaanguka, na kitako chake cha chuma kikapasuka. Yudita alipitisha vidole juu ya ufa ule, kisha akaanza kuokota bolti; mashine ile isingekereza tena.

Adolphe akarudi kwa Kamaldin. Karakana aliikuta imegeuka duka, rafu zimejaa shafti na bushi kutoka China, kila moja ndani ya plastiki yake.

"Ndugu yangu, sasa nani nangoja fundi akereze?" Kamaldin alisema. Akaagiza chai. Wakainywa, wakaagana.

Yudita akaenda kuuza mitumba Mbarara. Adolphe akabaki na mahindi.

Mwaka 2015 mwenye kinu kutoka Masha alimfuata shambani, mkononi ana shafti iliyokatika. Madukani amekosa ya saizi ile.

"Nasikia hapa kuna fundi, anaitwa Adolphe."

Adolphe aliipokea. Kidole gumba chake kikatembea taratibu pale ilipokatika. Kisha akamrudishia.

"Ule fundi alihama," akasema.

Kantengwa, aliyekuwa akipalilia mstari wa pili, alimtazama mumewe. Mgeni akashukuru, akapanda pikipiki yake. Adolphe akabaki amesimama, mikono imening'inia, akiusikiliza mlio mpaka ukaisha. Kantengwa akaingia kwenye mstari wa mumewe, akaanza kumpalilia.