Ijumaa ya Uyoga Mandawa

Nilikwenda Mandawa kwa sababu moja tu: kujitambulisha kwa wazazi wa Stela, mwanamke ninayetaka kumuoa, na kuonekana mtu wa maana. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mtu wa Singida niliyepangiwa Nachingwea, na kuonekana mtu wa maana ndiyo kazi inayonishinda kuliko zote.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi Nachingwea nikiwa nimepiga pasi hadi soksi.

Ruangwa mjini nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na utelezi ukatubwaga kando ya shamba la ufuta. Nilifika ukweni suruali ikiwa nyekundu kwa tope hadi magotini.

Mchana, Mandawa. Ilikuwa Kwaresima, na nyumba ile ya Kikatoliki haigusi nyama siku ya Ijumaa. Mama Stela alipika ugali na uyoga aliouchuma mwenyewe kwenye kichuguu. Baba Stela, akinawa mikono, akamshukuru Mungu kwa mboga ya mfungo. Mtu mwenye akili angeitikia amina akala. Mimi nikakohoa, nikaanza kufundisha. Nikaeleza kwamba uyoga si mmea: hauna ukijani wa kujitengenezea chakula kwa jua. Mwili wake hasa ni nyuzi zilizojificha ndani ya kichuguu, na tunachochuma ni sehemu ya kuzalia tu. Hata kuta za seli zake zina kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la panzi. Stela, aliyeketi kando yangu, akanikanyaga mguu. Nikadhani ananitia moyo.

"Kwa ukoo," nikamalizia, "uyoga uko karibu na wanyama kuliko mchicha."

Baba Stela akarudisha tonge sahanini. "Kwa hiyo, mwalimu, hii ni nyama?"

Nikaharakisha kusema hapana, ni mboga tu. Akaniuliza kwa nini nageuza maneno na hata binti sijapewa. Mama Stela akaondoa bakuli, akaleta chumvi na pilipili. Tulikula ugali mkavu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na niliamini Stela nimeshamkosa.

Jumamosi asubuhi uyoga ulirudi mezani umepashwa moto, maana sasa hata nyama ilikuwa ruksa. Ulikuwa mtamu ajabu. Nilikula bila kutia neno.

Wakati wa kuondoka, Baba Stela alinisindikiza hadi kwenye bodaboda. Nikamuuliza kwa woga kama naweza kurudi.

"Rudi baada ya Pasaka," akasema. "Ila lete mshenga, na aongee yeye."

Njia nzima hadi Nachingwea nilicheka peke yangu kwa furaha. Siku zote nilidhani mshenga huwekwa kwa heshima ya wakwe. Kumbe huwekwa kumwokoa bwana harusi na mdomo wake.