Gauni Lisilo na Vifungo

Kutoka Tanga nilipitia Mombasa, nikafanya kazi Muscat, nikahamia Perth, kisha nikapanda treni iliyokata jangwa mchana na usiku mpaka Sydney. Huko, mtaa wa Blacktown, nilipanga chumba kwa mama mmoja mkimbizi wa Uvira, fundi cherehani. Binti yake alikuwa anaolewa na hakutaka kitenge. Alituonyesha picha kwenye simu: mwanamke wa Italia ya kale, gauni la mahameli jekundu, mikono mipana, lulu shingoni. Akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mama asipoweza atakodi dukani.

Tangu kambini mama alikuwa amewashonea mabinti wa wenzake nguo za harusi. Wa kwake aolewe amevaa nguo ya kukodi? Alikata kitambaa, akakwama. Pichani hapakuwa na kifungo wala zipu.

"Ndugu, huyu aliingiaka wapi ndani ya hii nguo?" aliniuliza.

Swali likaning'ang'ania. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu wa kwenye picha naye aliamka asubuhi akavaa.

Jumamosi tukaenda mjini, kwenye jumba la sanaa. Yule wa kwenye simu hakuwepo, ila tulimkuta mwenzake wa zama zilezile, amevaa kijani. Mama alisogea mpaka mlinzi akamwomba arudi nyuma.

"Chungulia weye. Macho yangu imechoka."

Nikachungulia. Begani shati jeupe lilichomoza, na juu yake palikuwa na kamba nyembamba zenye mafundo.

"Mikono ya gauni haijashonwa," nikasema. "Imefungwa."

"Imefungwa?" Alicheka peke yake. "Na ubavuni?"

"Kamba pia."

"Basi hakujivalisha. Kuna mtu alimvalisha."

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kwa sauti ni nani: dada, mtumishi, mama mkwe? Mama hakunisikiliza. Alikuwa anapima hewa kwa vidole.

Siku ya harusi ndiyo niliyoondoka Sydney, na sijarudi tena. Nilibisha hodi kuaga. Bibi harusi alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja wa gauni umeshafungwa, wa pili ukiwa mapajani mwa mama yake, aliyekuwa akifunga kamba za ubavuni.

"Mama, kaza kidogo," alisema, kwa Kiswahili.

"Tulia. Unaharakia wapi?"

Mama alinipungia mkono bila kugeuka, akaendelea kufunga kamba, taratibu kuliko ilivyohitajika.