Fundi wa Foleni

Nikodemo wa Yoghoi alikuwa hajui kulima. Kabichi zake ziliozea shambani, mbuzi wake walikufa kwa maradhi ambayo mbuzi wa jirani hawakuyasikia hata kwa jina, na kwaya ya usharika ilimwomba kwa upole amsifu Bwana kimoyomoyo. Kitu kimoja tu alikiweza kuliko mtu yeyote kati ya Lushoto na Mombo: kupanga foleni.

Mnaocheka ni nyinyi mliozaliwa juzi. Miaka ile sabuni ilipokatwa vipande kama keki ya harusi, foleni ilikuwa ufundi. Lori likisikika linaguna kwenye kona za Soni, mji mzima ulihamia duka la ushirika. Watu walisimama mpaka miguu ikavimba, kisha wakaweka mawe mstarini yawashikie nafasi, wakaenda kunywa uji. Hapo ndipo Nikodemo alipokuwa mtu. Hakuchoka, hakukojoa, hakukasirika. Alijua jiwe hili la mama yake Shamsa, lile la mwinjilisti, na hili lililosogea mbele lenyewe kama lina miguu ni la balozi wa nyumba kumi. Alilirudisha nyuma balozi akitazama.

"Shikamoo, mzee. Mstari ni mstari."

Jiwe lake mwenyewe lilikuwa jeupe, la mtoni, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Yunis alikubali kuolewa naye kwa sababu ya doti ya khanga aliyoipangia foleni mvuani. Wenzake walioolewa na wanaume wazuri wa sura walifulia majani ya mpapai. Yeye alifulia sabuni.

Kisha ikaja ruksa. Biashara ikafunguliwa, Bakari akafungua duka, na sabuni ikajaa mpaka dirishani, ya kijani na ya waridi, yenye picha ya mwanamke anayelichekea povu. Hapakuwa na foleni tena. Kilichoadimika sasa kilikuwa cha kununulia, na hicho hakigawiwi dukani. Nikodemo alishinda kibarazani kwa Bakari akitazama mteja mmoja akiingia, mmoja akitoka, kama mchungaji aliyenyang'anywa kanisa.

"Ondoka hapo mlangoni, Niko," Bakari alimwambia. "Unanitishia wateja. Wakikuona umesimama wanadhani sukari imeadimika."

Wakati huo Raheli, binti wa pekee wa Nikodemo, alikuwa amemaliza darasa la saba. Alifaulu, lakini nafasi za sekondari za serikali ziliwatosha wachache na yeye hakuwamo. Zilibaki njia mbili: sekondari ya binafsi iliyofunguliwa mlimani juu ya kijiji, au kuchuma chai kwenye mashamba ya Bulwa. Raheli aliitaka shule kiasi kwamba alilala na madaftari yake ya zamani, akiyasoma upya kama barua za mchumba.

Ikaja pia semina. Miaka hiyo zilikuja nyingi kuliko mvua. Ukumbi ulijaa, maana palikuwa na soda. Mwezeshaji, Bwana Kristofa kutoka Dar, alibandika karatasi kubwa ukutani na kuchora mtu anayetabasamu.

"Acheni kulilia udhaifu wenu!" alisema. "Kila mtu ana jambo analoliweza. Lishike hilo, litumie kila siku kwa namna mpya, na furaha itakutafuta yenyewe. Haya, wewe baba, unaweza nini?"

"Foleni," alisema Nikodemo.

Watu walicheka mpaka soda zikawatoka puani. Lakini Bwana Kristofa alikuwa amelipwa kulipenda kila jibu.

"Safi sana! Hiyo ni subira! Ni haki! Ni uongozi! Makofi kwa baba!"

Nikodemo alirudi nyumbani amelewa makofi.

"Yunis, kumbe mimi ni kiongozi."

"Vizuri, kiongozi. Kuni zimekwisha."

Haukupita muda, tangazo likasomwa kanisani: ile sekondari ya mlimani ingetoa fomu za nafasi zilizobaki siku ya Jumatatu, na atakayewahi ndiye atakayepata. Nikodemo alitokwa na machozi katikati ya ibada. Kuuza ng'ombe kwa ajili ya ada hata hakukuwaza mara mbili.

"Raheli, mwanangu, hii sasa ni kazi yangu. Baba za wenzako wana magari. Baba yako ana nafasi ya kwanza."

"Na wasipofuata mstari, baba?"

"Mimi si nitakuwepo?"

Akalitoa jiwe lake jeupe nyuma ya banda, akalisugua, na Jumapili hiyohiyo akaenda kuliweka mbele ya lango la shule. Kulipokucha Jumatatu, mstari ulikuwa umeshuka mpaka mtoni, na ulikuwa mstari mzuri, sijapata kuona mwingine kama huo. Alitaniana na wazee, akawatuliza wenye watoto mgongoni, akamrudisha nyuma mwalimu mmoja mstaafu aliyejifanya kipofu. Ilikuwa siku yake ya furaha kuliko zote, naye alijua.

Magari yakaanza kuja. Hayakuja langoni. Yalizunguka nyuma, kwa mlango wa jikoni. Pikapu ya kwanza ilikuwa ya bwana mkubwa fulani wa wilaya, ya pili ya Bakari, mwanawe amekaa mbele na suruali mpya. Mwanamisi, mjane aliyepanda kutoka Mnazi kumtafutia mwanawe nafasi, ndiye aliyeona.

"Jamani, fomu zinaishia jikoni! Tunangoja nini? Tusukume!"

Lango lenyewe lilifungwa kwa kulabu moja yenye kutu. Mstari ukayumba. Nikodemo akatandaza mikono.

"Mstari ni mstari! Wale hawana adabu, sisi tunayo! Wa kwanza ni mimi. Kama mimi sisukumi, wewe wa nyuma unasukuma nini?"

Raheli, aliyesimama nyuma yake, alimvuta koti. "Baba, sukuma."

"Subiri."

"Baba, nakuomba."

"Subiri, mwanangu."

Wakasubiri wote, maana hakuna aliyewahi kumshinda Nikodemo kwenye foleni. Jua lilipopanda, dirisha la ofisi likafunguliwa, karani akatoa kichwa. "Fomu zimekwisha. Tunawashukuru kwa utulivu wenu."

Mkuu wa shule alitoka mwenyewe kumshika Nikodemo mkono. Alikuwa ameogopa fujo, hata alikuwa ametuma mtu kuita polisi. "Mzee, umetuokoa. Kila mwaka njoo utupangie watu." Akampa kofia na filimbi. Kipaji kikawa kimepata mwajiri.

Raheli alikwenda Bulwa wiki hiyohiyo. Bwana Kristofa aliporudi na semina nyingine, alimsimamisha Nikodemo mbele ya watu kama ushahidi.

"Baba, una furaha?"

"Ninayo," alisema Nikodemo, na kofia yake kichwani. Akapigiwa makofi tena. Mwanamisi hupanda Lushoto siku za soko mpaka leo, na salamu ya Nikodemo haitikii.

Krismasi Raheli alikuja likizo, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Kijijini maji yalikuwa ya mgao, ndoo zimepangwa mstari bombani, Nikodemo anazisimamia na filimbi yake. Raheli aliupita mstari wote, akaisogeza kwa mguu ndoo ya kwanza, akaweka yake.

"We mtoto, una wazimu?" Scholastica, mwenye ndoo, akapiga kelele. "Niko! Humwoni mwanao?"

Nikodemo alishatia filimbi mdomoni. Raheli akamtazama.

"Shikamoo, baba."

Filimbi ikatoka mdomoni bila kulia.

"Marahaba."

Wanawake walimtukana Nikodemo, wakautukana na ukoo wake, mpaka ndoo ikajaa. Nikodemo akainama, akainyanyua, akamtwisha mwanawe.