Pampu Iliyokuwa Nzima

Watu walimwita Funika kwa sababu ya mazoea yake ya kazi. Ukimletea gari lililogoma, hakukusumbua kwa maswali. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, akaubana mpini sikioni, akakwambia, "Piga stata." Akisikiliza kidogo tu, utamsikia: "Funika boneti, tumeshaupata." Na kweli ugonjwa alikuwa ameupata. Mafundi wanaobadilisha kifaa hiki na kile mpaka gari liwake kwa bahati, kama yule jirani yake wa ng'ambo ya barabara, aliwaita wapiga ramli.

Sasa masikio hayo yamemtupa mkono. Hayakuondoka kwa siku moja; yalimhama kidogokidogo, kama mpangaji anayetorosha vyombo. Mkewe alimsihi aende hospitali mpaka akachoka. "Baba watoto, sikio la kufa halisikii dawa!" Funika akajibu kwamba yeye ni mzima, ila watu wa siku hizi wananong'ona mno. Utamfanyaje mtu mzima aliyeamua kujidanganya?

Asubuhi moja mwalimu, mteja wake wa tangu zamani, akaja gari lake likivutwa kwa kamba. Betri ilikuwa na nguvu na stata ilizungusha vizuri, lakini injini haikushika. Funika akang'oa kiti cha nyuma, maana chini yake ndiko iliko pampu ya mafuta. Pampu nzima huvuma kidogo switchi ikiwashwa, kisha hunyamaza. Akainama, sikio likaigusa.

"Washa switchi, mwalimu."

Kimya.

"Washa basi!"

Mwalimu aligeuka kwenye kiti cha mbele. "Nimeshawasha, fundi!"

"Basi pampu imekufa."

"Mbona kama naisikia inavuma?"

Funika akashtuka. "Hiyo ni feni," akasema.

"Haya, wewe ndiye fundi." Mwalimu akachukua mkoba, akaenda duka la spea. Afadhali angebisha. Imani yake ilimuuma Funika kuliko matusi.

Alipobaki peke yake, akawasha switchi mwenyewe, akakimbilia mlango wa nyuma na kuishika pampu. Imetulia. Akarudi mbele, akazima, akawasha, akakimbia tena. Mtu mzima mwenye mvi anazunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia! Kila akifika, pampu haikutikisika, na hakujua kama imekufa au imeshamaliza kuvuma. Angepita mtu angemwomba awashe, lakini angemwambia nini?

Pampu mpya ikaja, akaifunga. Mwalimu akapiga stata. Injini haikushika. Akapiga tena na tena, mpaka Funika akamwinulia mkono aache.

Hapo aliogopa kwelikweli. Bila masikio hakuwa na njia nyingine ya kuuliza gari linaumwa wapi. Hakuwahi kujifunza nyingine.

"Mwalimu, njoo huku nyuma usikilize. Nawasha mimi."

Mwalimu akaja, akainama, akainuka. "Inavuma!"

"Na ile ya kwanza?"

Mwalimu alimtazama, akaelewa, na uso wake ukalegea kwa huruma. "Ilivuma hivihivi, fundi."

Hakumlaumu. Funika alitamani alaumiwe, apate cha kujibu. Akazifuta zana zake moja moja, ingawa hazikuwa chafu.

"Tulipeleke pale ng'ambo," akasema mwishowe. "Yule fundi atauona ugonjwa."

Mwalimu akashika usukani, Funika akaenda nyuma kusukuma. Barabara ilikuwa tupu. Gari lilivuka vizuri, likaingia uwanja wa jirani, kisha ghafla likawa zito. Akaegemeza bega, akakita miguu mchangani, akasukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akijilaani kwamba hata hizo zimemkimbia. Jasho likamwingia machoni.

Mkono ukamshika begani. Alikuwa yule fundi wa ng'ambo, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Akarudia kwa kupaza sauti, mdomo karibu na sikio:

"Mzee, acha! Amekanyaga breki. Anakuita tangu muda ule."