Mikono Chini ya Kamera

Waliotuona tumeshikana mikono, mimi na fundi wa kamera wa mtaa wa Majengo, hawakutazama kilichokuwa juu ya mikono hiyo. Ilikuwa kamera kubwa ya mbao ya marehemu mume wangu, na stendi yake ya miguu mitatu ilihitaji kichwa kipya cha kuishikilia. Fundi yule hachagui kwa macho. Kila kichwa alikisukuma kwa dole gumba, akaguna, akakirudisha rafuni. Cha nne alikifunga kwenye stendi, akaiweka kamera juu yake, akakaza kibanio, akakifyatua, akakikaza tena, akisikiliza mlio wake. Kisha akaiachia kamera, lakini viganja vyake vikabaki chini yake.

“Mbona huondoi mikono, fundi?”

“Bado, mama. Mzee wako alitupigia mimi na mke wangu picha ya harusi kwa kamera hii. Ikianguka, nitamwambia nini?”

Nami nikaweka yangu chini ya yake. Kamera haikutikisika. Zaidi ya hapo sisemi.