Dirisha la Afande

Saa tatu asubuhi, jua linapenya dirishani kwa Safinah Uthman na kuangukia sakafuni vipandevipande: nyota, almasi, madoa madogo ya mwanga. Paka mweupe anayanyemelea. Analirukia moja, ananyanyua mguu polepole aone alichokamata, hana kitu. Bila kinyongo anaenda kujaribu jingine.

Safinah, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, ameketi mkekani, shazia, ile sindano nene ya kushonea ukindu, mkononi. Lakini leo hashoni. Anasubiri mgeni, na moyo haujatulia tangu alfajiri.

Mgeni huyo ni Vera, ofisa wa kikundi kinachookoa paka na mbwa wa mitaani hapa Kampala. Leo ni siku ya kumi na nne tangu amwachie Safinah paka huyu kwa majaribio. Akiridhika na makazi, paka ni wa Safinah. Asiporidhika, ataondoka naye mchana huuhuu.

Paka ni kiziwi. Aliokotwa kando ya barabara, mguu umevunjwa na bodaboda ambayo hakuisikia ikija. Ndiyo maana kikundi kilitoa sharti moja lisilo na mjadala: asitoke nje peke yake. Chumba cha Safinah, nyuma ya soko la Nateete, kina dirisha moja lisilo na kioo, lenye nondo ambazo paka hupita katikati yake bila hata kubana tumbo. Na mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani mwake, kwa hiyo wavu wa chuma haukuwezekana.

Safinah ni mjane. "Mzee yangu alikuwa polisi miaka thelathini na moja," anasimulia. "Kila asubuhi naambia yeye, 'Afande, chai iko tayari.' Alipokufa, mimi bado napika chai ya watu wawili. Kikombe moja namwaga."

Binti yake, Husnah, ndiye aliyempeleka kwa kikundi hicho. Safinah aliwapita paka wachanga waliokuwa wakicheza, akasimama mbele ya huyu mmoja.

"Mbwa zote zinapiga kelele, yeye amelala tu, kama mzee yangu siku ya Jumapili. Nikasema, banange, huyu ni Afande!"

Jina likabaki hilohilo.

Kazi ya Safinah ni kushona tabaga, zile kawa za ukindu wa rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula cha harusi. Moja humchukua siku nne na kumpa shilingi elfu arobaini. Basi akaweka kando oda ya harusi, akaamua kulishona dirisha kwa ukindu huohuo, lifungwe kwenye nondo bila msumari.

Siku ya tano alilifunga kwenye nondo, akarudi nyuma kulitazama. Hakuona kitu. Chumba kilikuwa giza tii. Mkono uliozoea miaka arobaini kubana ukindu hata mdudu asipenye, ulikuwa umeshona kawa.

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema. "Nimefunika paka kama pilau!"

Alifumua yote. Akaanza upya, akisokota ukindu mara tatu uwe imara na kuacha matundu ya upana wa kidole. Kila mkono ulipotaka kubana, aliugombeza kwa sauti. Jana adhuhuri alikaza fundo la mwisho.

"Hodi, Mama Husnah."

Vera ameingia na kikapu cha kubebea paka. Safinah anakiona kikapu kabla ya kumwona Vera.

Vera anakwenda moja kwa moja dirishani. Anasukuma kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha anaegemeza bega zima. Ukindu unalia lakini hauachii.

"Na akiutafuna, mama?"

"Atatafuna. Mimi nashona tena."

"Mpaka lini?"

"Kwani fundi ni nani?"

Nyota moja ya mwanga imetua juu ya kidole cha mguu cha Vera, na Afande ameshaiona. Anajikunja, anatikisa makalio, anaruka. Vera anapiga ukelele, halafu anacheka mpaka anakaa mkekani. Akiwa hapohapo, anaomba kalamu.

Baada ya kutia saini kwamba paka ni wa Safinah, anasema kuna paka watano wengine ambao hawajapata kwao kwa sababu ya madirisha tu. Je, Mama Husnah ataweza kuyashona?

"Kwanza nimalize ya bibi harusi, asije akanilaani," Safinah anajibu. "Halafu lete vipimo. Mimi nataka siku moja nipite hapa Nateete, nione paka imekaa dirishani kwa watu, na dirisha ni yangu."

Vera anaaga na kikapu kitupu. Safinah anamimina chai, na pembeni anaweka kisahani cha maziwa. Afande amelala katikati ya madoa ya mwanga, tumbo juu.

"Afande, chai iko tayari," anamwambia, ingawa anajua hasikii. Kisha anagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili, kama alivyomzoesha.

Paka anafumbua macho, anajinyoosha, anakuja.