Kilindo cha Mama Eustadia

Katika kijiji chao, njia ya Sikonge, Eustadia alijulikana kwa jambo moja: mbegu yake haikuliwa. Karanga za mbegu alizitia ndani ya kilindo, lile sanduku la magome ya miti, akaziba kifuniko kwa udongo, na hakuna aliyekigusa mpaka mvua zinyeshe. Hata mwaka wa nzige alikula mizizi ya porini, mbegu ikabaki. Bintiye Bertila, alipokuwa mdogo, alichapwa kwa ajili ya punje tatu tu. Watu walimsifu Eustadia, naye, tusimfichie, alizipenda sifa hizo.

Basi Oktoba moja, baada ya vita vya pili vya dunia, Bertila alirudi nyumbani na mwanawe Minza, wa miaka miwili na kitu, aliyeachishwa ziwa mapema. Miguu ilimvimba, nywele zilikuwa nyekundu. Hakucheza wala hakulia. Ukimweka mahali, utamkuta palepale, na hilo ndilo lililomuumiza bibi yake kuliko yote.

Wakambeba mpaka zahanati. Dresa Ambrosi, tabibu wa pale, akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Mama, huyu anakula nini?"

"Ugali, baba. Na mlenda," Bertila alijibu.

"Hautoshi. Kila siku mtwangieni karanga, konzi moja, mtie kwenye uji. Msiruke hata siku moja, mama, la sivyo tutampoteza."

Karanga za kula zilikuwa zimekwisha zamani, kwake na kwa majirani. Walipofika nyumbani Eustadia alichukua kisu, akaanza kubandua udongo wa kilindo.

"Mama, si mbegu hiyo?"

"Lete kinu."

Konzi moja kila siku. Wiki ya tatu uvimbe ukapungua. Ya tano mtoto akaanza kudai uji kwa kelele, na kwa Eustadia kelele zile zilikuwa tamu ajabu. Kilindo nacho kilizidi kuwa chepesi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Bertila aliingia ndani akamkuta Minza amezamisha mkono kilindoni, mashavu yamejaa, maganda yametapakaa. Akakumbuka punje zake tatu, akainua mkono.

Eustadia akaudaka.

"Mwache," alisema, huku machozi yakimtoka. "Hapo nani kamweka? Amekuja kwa miguu yake."

Mwaka ule alipanda matuta mawili tu.